Habari za nishati: nawezaje kuwa na shaka bila kuwa mbishi wa kila kitu?

Waya Tatu

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie kwa urefu, jambo hili linanisumbua kweli.

Mimi ni fundi umeme, mwaka wa kumi na tisa huu, na kumi ya mwisho nimekuwa zaidi kwenye sola na betri. Kazi imenifundisha kutoamini kibandiko. Mwaka jana mzee mmoja, mteja wangu, aliniletea betri mpya ya lithiamu, imeandikwa volti 12.8, 200Ah (ampea-saa 200). Zidisha, unapata kilowati-saa mbili na nusu na ushee. Nikaijaza mpaka ikakataa, nikaiacha ilale, asubuhi nikaifungia mzigo wa wati 500 na kukaa mbele yake na saa mkononi. Ilitakiwa inifikishe saa tano. Ilizima baada ya saa mbili na dakika thelathini na tano. Nikafungua mfuniko mwenyewe akiwepo. Seli zilikuwa za nusu ya uwezo ule, na nafasi iliyobaki ilikuwa imejazwa sponji ya kijivu. Yule mzee hakusema kitu. Aliishika ile sponji kwa vidole viwili akaiangalia muda mrefu.

Tangu siku ile, kila habari ya nishati nikiisoma naiona sponji. "Betri itakayojaa kwa dakika tano." "Wanasayansi wapata nishati zaidi ya waliyoingiza." "Serikali yazindua mpango mkubwa wa haidrojeni." "Hewa ukaa sifuri ifikapo 2050." Moyoni nasema: fungueni mfuniko kwanza.

Sasa wiki iliyopita kijana ninayefanya naye kazi akaniambia: "Fundi, wewe huna shaka tena, wewe umeshaamua. Hata ukiletewa kweli utaikataa." Nilimjibu kwa ukali. Usiku ndipo nikamkumbuka fundi aliyenifundisha kazi. Alikuwa akisema sola ni ya kuwashia redio, haitakaa ifanye kazi ya maana, na sababu zake zilikuwa nzuri: bei, vumbi, mawingu, betri kufa mapema. Hakuna hata moja aliyoibuni. Na leo mimi nalisha watoto kwa kitu alichokikataa yeye.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Ninyi mkisoma habari ya namna hiyo, mnaangalia nini hasa kabla ya kusema hii ni kweli na hii ni sponji?

---

Mwalimu wa Fizikia

Fundi, mimi huanza kwa kuuliza mpaka umechorwa wapi. Nikupe mfano wa hiyo habari ya "nishati zaidi ya waliyoingiza", kwa sababu nimeifundisha darasani mara nyingi.

Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore kule California ilielekeza miale 192 ya leza kwenye kidonge kidogo cha haidrojeni nzito ili kuunganisha viini vya atomu, kama jua linavyofanya. Leza zilifikisha megajuli 2.05 kwenye shabaha. Zikatoka megajuli 3.15. Hilo ni kweli kabisa, na lilikuwa mara ya kwanza kutokea katika maabara. Mimi nilifurahi siku ile kama mtoto.

Lakini ili kuziwasha leza zile, mtambo ulivuta kiasi cha megajuli 300 kutoka kwenye gridi. Mpaka ukiuchora kuzunguka kidonge, umepata faida. Ukiuchora kuzunguka jengo, umerudishiwa asilimia moja. Na zile megajuli 3.15 ukizigeuza kwa kipimo chako wewe, hazifiki hata kilowati-saa moja. Ile betri yako yenye sponji ilitoa zaidi.

Sasa angalia: hakuna aliyedanganya. Wanasayansi wenyewe walizitaja zile 300 siku ya kutangaza. Kichwa cha habari ndicho kilichochora mpaka mdogo na kunyamaza. Na Julai 2023 walirudia wakapata megajuli 3.88, yaani kazi inasonga. Ukisema "uongo mtupu" utakuwa umekosea sawasawa na yule aliyesema umeme wa bure umefika.

Haidrojeni nayo ipitishe kwenye mpaka huohuo. Kilo moja ya haidrojeni imebeba kama kilowati-saa 33. Kuipata kwa kupasua maji kwa umeme unatumia 50 hadi 55. Ukitaka kuirudisha iwe umeme kwenye seli ya fueli, unabaki na kama nusu ya zile 33. Hapo bado hujaigandamiza wala kuisafirisha. Kwa hiyo nikisoma "haidrojeni kuwasha nyumba" nakunja uso. Nikisoma "haidrojeni ya kutengenezea mbolea", naendelea kusoma, kwa sababu kiwanda cha amonia, malighafi ya mbolea, kinaihitaji haidrojeni yenyewe, na leo nyingi inatoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe.

---

Karani wa Bajeti

Mwalimu kasema ya maabara. Mimi niseme ya serikali, maana nimekaa kwenye ofisi ya mipango miaka mingi na nimeandika taarifa za aina hiyo kwa mkono wangu.

Fundi, soma vitenzi. Imezinduliwa. Imesainiwa hati ya makubaliano. Imewekewa jiwe la msingi. Imeidhinishwa. Imetengewa fedha. Fedha imetoka. Mkandarasi yuko kazini. Umeme umeingia kwenye gridi. Kila kimoja ni kitu tofauti, na kati ya kimoja na kingine miradi mingi inakufa kimyakimya. Hati ya makubaliano haimfungi mtu yeyote kulipa chochote, lakini picha yake gazetini ni kubwa kuliko ya siku mtambo unapowashwa. Nikikutana na "itazalisha", narudi kutafuta kitenzi cha wakati uliopita. Kama hakipo, naiweka pembeni.

Halafu linganisha ahadi na risiti. Vinu viwili vipya vya nyuklia vya Vogtle, jimbo la Georgia, Marekani, vilitarajiwa 2016 na 2017 kwa makisio ya dola bilioni 14 hivi. Viliingia kazini 2023 na 2024, na gharama ikapita bilioni 30. Flamanville ya Ufaransa ilianza kujengwa 2007 ikatarajiwa 2012, ikaunganishwa na gridi Desemba 2024. Wataalamu wale walijua kazi yao, na Ufaransa hiyohiyo ilijenga vinu zaidi ya hamsini kwa haraka baada ya mpango wake wa 1974. Walichopoteza ni mazoea: ukikaa miaka ishirini bila kujenga, mikono inasahau. Kwa hiyo nchi ikitangaza kinu cha kwanza kwa miaka sita, nauliza cha mwisho walikijenga lini.

Na ruzuku, jamani. Hispania mwaka 2007 iliahidi bei nono kwa umeme wa sola. Lengo lilikuwa megawati 400 hivi. Mwaka 2008 peke yake zikafungwa zaidi ya 2,500. Serikali ikajikuta na deni isilolimudu, ikaanza kupunguza malipo hata kwa waliokwisha kujenga. Watu waliokopa wakiamini sahihi ya serikali waliumia. Hapo mfuniko wa kufungua ni wa bajeti: italipwa na nani, na mpaka mwaka gani?

---

Waya Tatu

Mwalimu, Bi Karani, nashukuru sana. Hilo la vitenzi nimeliandika kwenye daftari la kazi.

Ila bado sijapata dawa ya fundi wangu wa zamani. Yeye angefanya yote haya mliyosema. Angeuliza mpaka, angeuliza kitenzi, angeuliza bei. Na bado angekosea. Angejuaje?

---

Msomaji wa Takwimu

Fundi, swali lako hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, na nadhani jibu lake liko mwaka 1954.

Aprili mwaka huo maabara za Bell kule New Jersey zilionyesha seli ya sola ya silikoni iliyobadilisha kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Magazeti yakaandika kwamba enzi mpya imeanza. Septemba mwaka huohuo Lewis Strauss, mwenyekiti wa Tume ya Nishati ya Atomu ya Marekani, akawaambia waandishi wa sayansi jijini New York kwamba watoto wao watatumia umeme wa bei ndogo kiasi kwamba hautastahili kuwekewa mita.

Habari mbili, mwaka mmoja, sauti moja ya tarumbeta. Mtu mwenye busara wa 1954, kama angelazimishwa kuchagua, angechagua ya Strauss: kulikuwa na serikali nyuma yake, wahandisi, fedha. Sauti ya habari haikumsaidia kitu. Wala kibandiko, kwa sababu asilimia 6 ilikuwa kweli na bado ilikuwa haina faida kwa mtu wa kawaida.

Kilichozitenganisha ni kitu ambacho hakionekani kwenye habari ya siku moja. Katikati ya miaka ya 1970 paneli ilikuwa zaidi ya dola 100 kwa wati moja, kwa thamani ya fedha ya sasa. Mwaka 2019 ilikuwa chini ya nusu dola. Ilishuka karibu kila mara uzalishaji ulipoongezeka, miongo minne. Fundi wako alitazama bei ya siku ile. Alikuwa sahihi siku ile. Hakutazama bei ya jana na ya juzi yake ili aone inaelekea wapi. Na hakuwa peke yake: Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lenye wataalamu na takwimu zote, lilikadiria sola chini ya uhalisia mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo mimi habari moja siihukumu. Natafuta namba ileile ya miaka kumi nyuma. Ikiwa inashuka au kupanda kwa mfululizo, natulia na kusikiliza hata kama tangazo ni la kelele.

Bi Karani, hapa naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Hispania ilikosea kwenye kuvunja ahadi, nakubali. Lakini fedha ile, na zaidi ile ya Ujerumani baada ya sheria yao ya mwaka 2000, ndiyo iliyojaza oda kwenye viwanda mpaka bei ikaanguka. Ukiisoma kwenye vitabu vya hesabu vya wakati ule ilionekana hasara. Fundi Waya Tatu anakula matunda yake leo.

---

Karani wa Bajeti

Nakubali bei ilishuka, na naelewa kwa nini. Lakini usinichanganyie. Matunda yameliwa na dunia nzima, deni limelipwa na mwenye mita. Bibi wa chumba kimoja alilipa nyongeza kwenye bili yake sawa na mwenye paa kubwa aliyekuwa akipokea malipo. Jambo kuleta faida baadaye hakunizuii kuuliza nani alikamuliwa njiani, na kwa nini hakuulizwa.

---

Waya Tatu

Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu.

Jana tulikuwa tunasubiri betri ijae, nikamwonyesha kijana majibu yenu. Akasema, basi Fundi tuchukue habari moja uliyoikataa tuijaribu. Akachagua ile betri kubwa ya Hornsdale, Australia Kusini, iliyojengwa na Tesla mwaka 2017. Nakumbuka nilivyoipondaponda. Megawati 100, sawa, lakini ujazo wake megawati-saa 129. Nilifanya hesabu palepale: ukiifungulia yote, saa moja na robo hivi imekwisha. Nikasema hiyo itaokoa jimbo gani? Sponji.

Tukaipitisha kwa Bi Karani: kitenzi kilikuwa cha wakati uliopita, mkataba wa siku 100 na ikawashwa ndani ya muda. Tukaipitisha kwa Mwalimu, na hapo ndipo nilipoaibika kweli. Mpaka niliochora haukuwa wake. Sehemu kubwa, megawati 70, haikununuliwa iwashe nyumba usiku kucha. Ilinunuliwa ishikilie masafa ya gridi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, kwa dakika chache pale mtambo unapoanguka, mpaka mingine iamke. Na wiki mbili tu baada ya kuwashwa, tarehe 14 Desemba 2017, mtambo mmoja wa makaa wa Loy Yang, karibu kilomita 1,000 kutoka pale, ulizimika ghafla na zaidi ya megawati 500 zikapotea. Betri ilianza kusukuma umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 2020 wakaiongeza ukubwa.

Namba zangu zote zilikuwa sahihi. Niliipima kwa mzigo ambao haikununuliwa kuubeba.

Kijana hakunicheka. Aliniuliza tu: "Na ile ya yule mzee?" Nikamwambia ile ilinunuliwa iwashe wati 500 kwa saa tano, iliandikwa hivyo, na haikufanya. Ile ni sponji leo na kesho.

Bi Karani, swali lako la nani alikamuliwa tumeliacha mezani. Kijana anasema ni la wanasiasa. Mimi nimemwambia kila mwezi nafunga sola kwenye paa kubwa, na sijawahi kuitwa kwenye chumba kimoja.