Rangi za grafu kutoka picha za asili: kudonoa kwa mkono, k-means au paleti zilizo tayari?

Chati_Safi: Wakuu habari zenu. Nataka kutengeneza paleti (seti ya rangi) kutoka picha za machweo, misitu, ndege n.k. nitumie kwenye chati na ramani. Naona njia tatu: kudonoa rangi moja moja kwa mkono, kuiachia kompyuta ichambue kwa k-means (inakusanya pikseli za rangi zinazofanana kwenye makundi), au kuachana na picha nichukue zilizo tayari kama ColorBrewer na viridis. Ipi inafaa kwa data ya kweli, sio pambo tu?

Jani_Bichi: Mi nadonoa kwa mkono. K-means inafuata eneo, picha ya msitu yenye ua dogo jekundu itakuletea kijani tano zinazofanana na lile ua hulioni kabisa, afu inachokupa ni wastani wa pikseli kwa hiyo mara nyingi unaletewa rangi ya tope ambayo hata kwenye picha haipo.

Pikseli: @Jani_Bichi jicho nalo linadanganywa na rangi za jirani. Kijivu kikizungukwa na chungwa kinaonekana kama bluu, ukikidonoa ukakiweka kwenye grafu nyeupe unabaki na kijivu tu. K-means inalipa ukiiandaa: punguza picha iwe na upana wa pikseli 200 hivi, toka RGB (nyekundu, kijani na bluu za skrini) nenda kwenye mfumo wa rangi wa CIELAB (wa 1976) au Oklab wa 2020, maana huko umbali kati ya rangi unakaribiana na jicho linavyoona, omba makundi mengi, 12 hata 15, afu chagua mwenyewe 5. Na badala ya wastani chukua pikseli halisi iliyo karibu na kitovu cha kundi, tope linapungua sana.

DadaRamani: Jamani kupata rangi ni kazi ndogo, anzeni na data. Kama ni namba zinazopanda, mfano kiasi cha mvua, mwangaza lazima upande hatua kwa hatua, na machweo yanafaa sana hapo kwa sababu yanatoka zambarau nzito, nyekundu, chungwa mpaka njano. Kama data ina pande mbili, chini na juu ya wastani, tafuta picha yenye rangi mbili zilizo mbali, kuna ndege mdiria mwenye bluu na chungwa, katikati unaweka rangi hafifu kabisa. Makundi yasiyo na mpangilio ndo yanataka rangi tofauti tofauti, na zikipita 7 au 8 msomaji anapotea. Matunda mekundu kwenye majani ya kijani mi sigusi! Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini karibu mwanaume 1 kati ya 12 anapata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Paleti yoyote igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwanza, rangi mbili zikiwa kijivu kimoja badili mwangaza wa mojawapo.

Jani_Bichi: Dada hilo la kijivu nakubali kabisa. Ila ukibadilisha mwangaza si picha yenyewe imeshapotea?

DadaRamani: Haipotei ndugu yangu. Bluu ya yule ndege inabaki bluu ukiikoleza au ukiipausha, picha inakupa jamii ya rangi, ngazi za mwangaza unazipanga wewe. Viridis ilichukua nafasi ya paleti ya jet kama chaguo la kawaida kwenye Matplotlib 2.0 (programu ya kuchora grafu) mwaka 2017 kwa sababu hiyo hiyo, jet inapanda na kushuka mwangaza ovyo mpaka unaona mipaka ambayo kwenye data haipo.

Pikseli: Naongezea, mistari na nukta zipimwe na rangi ya nyuma pia, WCAG (miongozo ya kufanya tovuti zitumike na watu wote) inataka tofauti ya mwangaza ya angalau 3:1. Njano ya machweo kwenye karatasi nyeupe haifiki hapo.

Chati_Safi: Asanteni sana aisee. Basi ramani za vipimo nabaki na viridis, chati za makundi natoa kwenye picha kwa k-means ndani ya Oklab, rangi ndogo kama lile ua naongeza kwa mkono. Na ile njano je, niitupe?

Pikseli: Usiitupe mkuu, itumie kujaza eneo afu lizungushie mstari mzito, au weka nyuma nyeusi.