Njia fupi ya kupanda au ndefu ya tambarare? Tunakwenda milimani na watoto

MamaK: Wakuu, salamu. Jumamosi tunakwenda milimani na watoto. Ni matembezi mepesi tu, kilele hatukitaki. Njia ziko mbili. Moja ni kilomita 3, inapanda msituni hadi kwenye maporomoko. Nyingine ni kilomita 7, inazunguka ziwa, karibu yote tambarare. Baba watoto anasema fupi ndiyo rahisi, mimi roho iko ziwani. Ipi?

Kisigino: Dada, watoto wa umri gani? Wa miaka miwili na wa kumi hawatembei safari moja. Na hizo kilomita 3 ni kwenda tu au na kurudi? Inapanda mita ngapi?

MpimaRamani: Hilo la mita ndilo swali. Kilomita peke yake milimani hazisemi kitu. Iko kanuni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Na huyo ni mtu mzima asiyesimama njiani. Mtoto anaokota kila jiwe, kwa hiyo mimi huzidisha mara mbili.

MamaK: Mmoja 4, mwingine 8. Kilomita 3 ni kwenda tu, mnarudi mlikopita. Bango linasema kupanda mita 350.

MpimaRamani: Basi fupi si fupi. Kilomita 6 na mita 350 ni kama saa moja na dakika 47. Ziwa ni saa moja na dakika 24. Zidisha mwenyewe umpelekee mzee.

Mkongojo: Hesabu nzuri, lakini mtoto hatembei kwa hesabu, anatembea kwa hamu. Mwambie kuna maporomoko mbele, atakimbia. Ziwani kila kona ni maji yale yale. Maporomoko, bila mjadala.

BabaTatu: Mimi njia za kuzunguka nilikoma. Tulizunguka ziwa na mdogo wetu, wakati huo ana miaka mitano. Mwanzo raha tupu, bata, vipepeo, picha. Tukafika karibu nusu, mtoto akakaa chini, viatu akavua, hatembei. Ubaya wa kuzunguka ndio huo: ukishafika nusu, kurudi na kuendelea ni sawasawa. Nikambeba mabegani. Mawingu yakashuka, ngurumo ikaanza, mama watoto ananitazama kwa jicho ninalolijua. Mbele daraja la miti limesombwa na maji, tukarudi nyuma njia yote, mvua juu yetu. Masweta tuliyaacha kwenye gari kwa sababu asubuhi jua lilikuwa kali. Njia ya kwenda na kurudi mnageuza popote, hata baada ya dakika kumi, na hakuna aliyeshindwa.

Kisigino: Pole kaka. Ila hapo kosa ni la masweta na saa mliyoondoka, ziwa mnalionea. Ngurumo za milimani hupenda mchana. Ondokeni alfajiri. Na joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mnazopanda, kwa hiyo kwenye gari si mahali pa sweta.

Tandabui: Mbona hakuna anayetaja kushuka? Mtoto wa miaka 4 anapanda vizuri tu. Kushuka kwenye mizizi yenye unyevu ndiko anakoanguka, na magoti ya mbebaji ndipo yanapolia. Beba mbeleko hata kama anasema yeye mkubwa.

MamaK: Asanteni. Baba watoto amesoma uzi wote, sasa anasema twende ziwani tugeuze nusu ya njia. Halafu anataka kuwanunulia buti mpya kesho. Sawa?

Kisigino: Buti mpya? Hapana! Malengelenge kabla ya kilomita ya kwanza. Raba walizozizoea, zenye soli ya kushika.

Mkongojo: Raba ikilowa mtoto anatembea na maji siku nzima. Buti zinashika kifundo.

Kisigino: Kifundo cha mtoto wa miaka 4 kwenye tambarare kinashikwa kwa sababu gani?

Mkongojo: Kwani malengelenge yanaletwa na buti? Yanaletwa na soksi za pamba.

Tandabui: Fungueni uzi wenu wa soksi. MamaK, hiyo nusu ya ziwa ina kivuli? Jua la juu huko linaunguza hata kukiwa na baridi.