Benchi na kivuli cha wazee mtaani wakati wa kaskazi

Mkaazi wa Temeke:
Habarini ndugu. Kwenye uwanja wa mtaa wetu wazee hukutana kucheza bao, lakini kuanzia Desemba hadi Machi, msimu wa upepo wa kaskazi, joto huwafukuza. Kuna mwembe mmoja mkubwa. Kamati inataka benchi za saruji kuzunguka shina, na banda la mabati pembeni. Tuangalie nini kabla ya kununua vifaa?

Fundi Mbao:
Kwanza jueni wanakaa saa ngapi. Kama ni baada ya swala ya alasiri, jua liko magharibi na kivuli kimelala mashariki, mbali na shina. Benchi za kuzunguka shina zinafaa adhuhuri, saa ambazo wazee wako ndani. Pigeni vigingi kwenye ukingo wa kivuli saa kumi, kisha saa kumi na moja. Benchi zikae panapoingiliana.

Saruji itumike kwa miguu tu. Ukiifanya sehemu ya kukalia, hunyonya jua mchana kutwa na kulitema jioni, wakati huohuo mzee anapoketi. Juu wekeni mbao, mwanya wa sm 1 kati ya ubao na ubao ili maji ya mvua yapite. Kimo sm 45 hadi 48. Ikishuka chini ya hapo, mwenye magoti mabovu hainuki bila kuvutwa. Benchi iwe na mikono, maana ndiyo anayojisukumia.

Bati tupu ni jiko. Paa liwe juu, mita 2.7 hivi, na chini yake tandazeni makuti mkiacha nafasi ya sm 15, ncha zote mbili wazi ili hewa moto itoke. Upande wa magharibi ning'inizeni mkeka. Kaskazini-mashariki msizibe kabisa. Upepo wa msimu huo unatoka huko.

Muuguzi wa Zamu:
Na choo kiko wapi? Kikiwa mbali, wazee hupunguza maji makusudi, hasa wanaomeza dawa za presha za kukojosha. Kiu yenyewe hupungua uzeeni, kwa hiyo wapewe maji bila kungoja waombe. (Mwenye maradhi ya moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake.)

Mzee akianza kusema ovyo au kupepesuka na mwili ni wa moto, msingoje. Mlowesheni maji, mpepeeni kwa nguvu, aende hospitali. Pwani hewa ina unyevu na jasho halikauki upesi, hivyo kitambaa kibichi bila kupepea hakisaidii sana. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Mkaazi wa Temeke:
Shukrani. Na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaouma, waliojaa mwembeni?

Fundi Mbao:
Kateni matawi yanayogusa paa au benchi, hayo ndiyo madaraja yao. Embe zichumwe mapema pia. Ikidondoka kutoka juu inapasua kichwa.