KTP700: joto linaandikwa 718, na mara nyingine ####

fundi_zamu_ya_usiku
Habari wakuu. Nipo kiwanda kidogo cha maziwa. Nimerithi paneli ya KTP700 Basic (skrini ya kugusa) na S7-1200 (PLC, kompyuta inayoendesha mtambo), natumia TIA Portal, programu ya kuzipanga. Joto la maziwa yakitoka kwenye pastaraiza linasomwa na sensa ya Pt100 kupitia moduli ya SM 1231 RTD. Nimeweka "I/O Field" (kisanduku cha namba) kwenye skrini na kuifunga na tagi (jina la data) ya aina ya Int, yaani namba nzima, inayosoma moduli moja kwa moja.

Inaandika 718 wakati kipimajoto cha mkononi kinasema karibu 72. Nikigawa kwa 10 ndani ya PLC nabaki na 71 kavu. Opereta akigusa ile namba, kibodi inafunguka. Jana mmoja kaandika 80, ikarudi palepale. Na mara mojamoja namba inageuka #### halafu inajirudia yenyewe. Nafikiria kupanua kisanduku. Nisaidieni, wakaguzi wanakuja wiki ijayo.

mzee_wa_paneli
Kijana, 718 ni sahihi. Moduli ile inatoa sehemu za kumi za nyuzi, na Int ikigawiwa hutupa masalio. Badili kwanza iwe Real (namba yenye desimali), ndipo ugawe kwa 10.0. Tagi ya paneli nayo iwe Real, halafu muundo wa namba uandike s999.9 ("s" ni nafasi ya alama ya kutoa). Usiniwekee DWord (biti 32 zisizojua desimali) huko: 72.5 itasomeka 1116798976 na utalaumu sensa bure.

Ipo pia njia ya kusogeza nukta kwenye mipangilio ya kisanduku. Inafanya kazi, ila ni poda ya usoni. Ndani PLC bado inajua 718. Kwa hiyo kabla ya yote nenda katazame mstari wa programu unaoamua vali ya kurudisha maziwa yasiyofika joto. Kama umelinganisha ile Int na 72, vali haitarudisha hata tone, maana hata maziwa ya nyuzi 10 yanasomeka 100. Kwa kupasha maziwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, kikomo kwenye Int ni 720.

Kibodi inafunguka kwa sababu kisanduku kikizaliwa huwa "Input/Output", yaani kinaonyesha na pia kinapokea namba. Badili "Mode" iwe "Output" tu. Opereta akihitaji kupanga joto analolitaka, mpe kisanduku kingine, tagi nyingine, yenye kiwango cha chini na cha juu, na nywila ya msimamizi. Kipimo na agizo visilale kitanda kimoja.

Sasa hizo ####. Usipanue! Maana yake namba haikuenea kwenye muundo uliopanga. Waya wa Pt100 ukikatika, moduli inatoa 32767. Ukipanua utaona 32767 pale pale, na opereta wa usiku atadhani ni namba kama namba nyingine. Fungua kichwa cha sensa, ukaze skrubu, uangalie kama maji ya kuoshea yameingia. Taa ya chaneli kwenye moduli ikiwaka nyekundu, jibu umelipata.

dada_wa_otomesheni
Naongezea kwa mzee: hiyo "s" mwanzoni isidharauliwe. Tuna tangi la glaikoli (kimiminika cha kupoozea) linalofika chini ya sifuri, na aliyepanga skrini hakuiweka. Usiku wa baridi kali tukawa tunaona #### tupu, asubuhi namba imerudi. Watu walishabadilisha sensa mbili.

fundi_zamu_ya_usiku
Shikamoo mzee, asante dada. Programu niliyoikuta inalinganisha na 720, afadhali. Kibodi haifunguki tena. Kichwa cha sensa kilikuwa na unyevu na waya mmoja unacheza. Nimekausha, nimekaza, tangu hapo ##### hazijaonekana. Swali la mwisho: waya ukikatika tena, opereta aone nini?

mzee_wa_paneli
Marahaba. Kwenye PLC, Int ikifika 32767 washa biti moja. Biti hiyo irudishe maziwa kwenye tangi la kuanzia, iwashe kengele yenye maneno "Sensa ya joto imekatika", na kwenye "Animations" ya kisanduku igeuze rangi ya nyuma kuwa nyekundu. Kisha chomoa waya mmoja mwenyewe, mtambo ukiwa na maji tu, uone vali inageuka. Mkaguzi atakuomba ufanye hivyohivyo mbele yake.