Naombeni ushauri: "reform" ni mageuzi, marekebisho au maboresho?

Kalamu Chipukizi
Wakuu, salaam. Natafsiri kijitabu cha elimu ya uraia kitakachosomwa vijijini. Neno "reform" limejaa humo: sheria za uchaguzi, polisi, serikali za mitaa, hadi wafungwa. Bosi wangu anataka neno moja tu, "mageuzi", mwanzo hadi mwisho, msomaji asichanganyikiwe. Mimi nasita. "Mageuzi ya wafungwa" nani ataelewa? Tunachapisha wiki ijayo. Nimwambieje bila kuonekana mbishi?

Wakili Mstaafu
Mdogo wangu, anza na majina rasmi, hayo hayana mjadala. Hapa Tanzania tuna Tume ya Kurekebisha Sheria. Ukiandika "Tume ya Mageuzi ya Sheria" umeunda tume isiyokuwepo. Serikali za mitaa zilikuwa na Programu ya Maboresho. Tume ya Jaji Warioba ya 2012 iliitwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Majina hayo hata bosi hawezi kuyagusa.

Mama Salome
Mimi natazama msomaji wa kijijini. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, tunakumbuka neno hili lilivyovuma. Chama cha NCCR kilijiita Mageuzi, Augustino Mrema akagombea urais 1995 kwa tiketi yake, na "wanamageuzi" tukawaita wapinzani kwa ujumla. Kuna wazee watakaoona neno hilo jaladani wakaulize kijitabu ni cha chama gani.

Lakini usikimbilie "maboresho" kwa sababu ni salama. Kuboresha ni kuongeza uzuri juu ya kilichopo. Mwananchi anayedai sheria ifumuliwe, ukamwandikia kwamba anadai maboresho, umempunguzia dai lake. Hilo linaniuma kila ninapolisoma kwenye taarifa za ofisi.

Nyota ya Voi
Hamjambo ndugu zangu. Huku Kenya "mageuzi" halina harufu ya chama kimoja. Tangu kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa 1991 hadi Katiba ya 2010, mageuzi ndiyo yaliyokuwa kilio, na hadi leo twasema mageuzi katika polisi. Ila mswada wa kugusa vifungu vya Katiba huitwa mswada wa marekebisho. BBI, mpango wa kubadili Katiba uliokwama Mahakama ya Juu Machi 2022, uliitwa hivyo hivyo.

Mwl. Kibwana
Tazama vitenzi. "Mageuzi" yanatokana na kugeuza, kwa hiyo yupo mtu anayegeuza. "Mabadiliko" yanatokana na kubadilika, yanaweza kuja yenyewe, kama mabadiliko ya tabianchi. Ukiandika "mabadiliko ya sheria za uchaguzi" umeficha nani abadilishe, na kijitabu cha uraia hakipaswi kumficha.

Wafungwa ni "urekebishaji". Aliyeacha uhalifu mwenyewe, andika "amejirekebisha"; mtaani tunasema amejirudi. Watoto waliovunja sheria wanapelekwa shule ya maadilisho. Sisi Walutheri, aliyoyaanzisha Martin Luther 1517 tunayaita Matengenezo ya Kanisa. Dhana zinakaribiana, lakini kila uwanja umeshachagua neno lake na watu wamelizoea.

Dereva wa Hoja
Napingana kidogo. Bosi ana hoja: msomaji akikuta maneno matano atadhani ni mambo matano. Ndani ya sura moja shika neno moja.

Kalamu Chipukizi
Asanteni sana, nimepata pa kusimamia. Nitampelekea majina rasmi kwanza, hapo hatabisha. Kimebaki kichwa cha kijitabu. Kinahusu sheria za uchaguzi. Mageuzi au marekebisho?

Wakili Mstaafu
Kinadai nini hasa?

Kalamu Chipukizi
Namna mpya ya kuwapata wajumbe wa tume ya uchaguzi, matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani, na mgombea binafsi aruhusiwe.

Wakili Mstaafu
Basi hayo ni mageuzi. Hayo ya mahakama na mgombea yanagusa Katiba yenyewe.

Mama Salome
Nakubali. Andika "mageuzi" jaladani, na chini yake useme kijitabu si cha chama chochote.