Legacy B4 GT kwenda gari la spoti: 86, Fairlady Z, au nibaki hapa?

Dereva_Kiamunyi
Wakuu salaam. Nina Subaru Legacy B4 2.5GT ya 2010, turbo, nimeitunza na haina shida. Inakimbia kweli, lakini nimechoka kuendesha sofa. Nataka gari la spoti kabla kiuno hakijaanza kukataa. Kuna Toyota 86 ya 2013 inauzwa Nairobi na Nissan Fairlady Z (Z34) iko Eldoret, bei hazipishani sana. Niko Nakuru. Nichukue ipi? Aliyewahi kumiliki mojawapo aseme ukweli, si habari za YouTube. Nataka kuamua haraka, mwenye 86 anasema ana mteja mwingine.

FundiShabab
"Mteja mwingine" huwa yupo kila siku, tangu nianze kazi hii sijawahi kumwona. Tuambie kwanza: gia za mkono au oto? Bajeti? Una watoto? Nyumbani ni lami au vumbi? Bila hayo tutakuwa tunakubahatishia.

JaKondele
Omera chukua Z ufunge mjadala. Silinda sita, lita 3.7, nguvu za farasi 336. 86 ni gari la kijana aliyemaliza chuo juzi.

Mzee_Njoro
Kabla hamjampoteza kijana wa watu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya sita. 86 hiyo ilitoka kiwandani na farasi 200. Hapa kwetu zinabaki kama 165. B4 yako ilianza na 285, na turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini, inafidia sehemu kubwa ya hewa inayokosekana. Ni kweli 86 ni nyepesi, kilo 1,230 hivi na B4 ni kama 1,500, lakini piga hesabu mwenyewe uone nani anatangulia. Halafu panda Mau Summit, ndipo utajua.

Kwa hivyo utauza gari lenye kasi ununue lisilo na kasi hiyo. Sisemi usinunue. Mimi ningenunua! Ila ujue unacholipia: usukani unaokuambia tairi inafanya nini, uzito mdogo, kukaa chini karibu na lami, kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Ule uwezo wa kulipita trela pale Salgaa kabla hujamaliza kufikiria, huo utabaki kwa atakayenunua B4.

JaKondele
Mzee, si ndiyo maana nikasema Z? 336 toa hiyo sehemu ya sita, bado una 280. Na sisi Kisumu tuko mita 1,130 tu, magari yetu yanapumua vizuri kuliko yenu 😂

Dereva_Kiamunyi
Asante wakuu. Nataka gia za mkono. Bajeti niachieni mimi. Watoto ni wawili, mkubwa yuko gredi ya tatu. Lami iko hadi karibu na nyumbani, halafu kuna kipande cha changarawe, si kirefu. Na kila mwisho wa mwezi tunakwenda Vihiga kwa wazazi.

MamaWa58
Watoto wawili, na bado Z imo kwenye orodha? Kaka, Z ina viti viwili. Viwili! Wengine utawafunga kwenye keria? Na unakwenda Vihiga kila mwezi, mnarudi na ndizi, kuku na gunia la mahindi, maana mama mzazi hakuachi urudi mikono mitupu. Angalau 86 ina viti vya nyuma, ingawa huyo wa gredi ya tatu magoti yatamgusa kidevu kabla hamjafika Kericho. Mama watoto anasemaje, au yeye atapanda matatu?

FundiShabab
Sasa tunaanza kuelewana. B4 yako ina nafasi ya milimita 150 kutoka chini, 86 ina 130, Z iko chini zaidi. Kwenye karatasi ni vidole viwili. Kwenye changarawe iliyochimbwa na mvua ya Aprili ni bampa ya mbele na kikinga cha chini ya injini.

Kuhusu hiyo 86 ya 2013. Injini yake ni ya Subaru, FA20, ya boksa, yaani silinda zimelala pande mbili. Mwaka 2018 Toyota na Subaru waliyaita magari ya miaka hiyo kubadilisha springi za valvu. Muulize mwenyewe: zilibadilishwa? Zilibadilishwa na nani? Kazi ile inahitaji injini ifunguliwe sana, na fundi akizidisha silikoni wakati wa kufunga, inakatika vipande na kuziba njia ya oili. Kwa Z ya gia za mkono, kanyaga klachi mara nyingi usikilize. Silinda ndogo ya klachi imejificha ndani ya nyumba ya giaboksi, ikivuja ni giaboksi chini.

Kijana_wa_Turbo
(Jina langu ni la mji wa Turbo, gari langu halina turbo, msinicheke.) Kwa nini auze? Abaki na B4 ya familia, anunue Mazda Roadster kuukuu ya Jumapili. Au RX-8, siku hizi zinapatikana kwa bei ya chini.

FundiShabab
RX-8 ina bei ya chini kwa sababu. Injini yake ni rotari, haina pistoni za kawaida, inakula oili kwa kuwa iliundwa hivyo, na kompresheni yake haipimwi kwa kifaa cha kawaida. Muulize muuzaji kama ana kipimo cha rotari. Akikuuliza "rotari ni nini", panda bodaboda urudi.

Bonde_Letu
Naona wote mnaongelea farasi. Mimi nilikuwa na Z34 hapa Nakuru, wacha nieleze upande wa pili.

Nilikuwa natoka Eldoret, mbele yangu lori la kokoto halina turubai. Jiwe likaruka, kioo cha mbele kikapasuka kona hadi kona. Nikajiambia ni kioo tu, na bima ninayo. Kumbe bima yangu ilikuwa na kikomo cha kioo, shilingi elfu hamsini. Duka la kwanza hapa mjini kijana aliniuliza kama Z ni jina lingine la Nissan Note. Nikashuka Nairobi, Kirinyaga Road, vioo vya Probox vimepangwa hadi darini, changu hakipo. Mmoja akasema anacho stoo, akachukua pesa ya kutangulia. Kilipofika kilikuwa cha Z33, yaani gari lililotangulia, hakikai. Kurudishiwa pesa ikawa vita vingine.

Mwisho nikaagiza Japani. Kwa ndege bei haikuwa ya binadamu, ikabidi kije kwa meli. Wakati huo wote gari liko chini ya turubai, na panya wakahamia. Wakakata waya za upande wa dereva, taa ya injini ikawaka, hapo ikawa kutafuta fundi wa umeme asiyeogopa. Kioo kilipokuja nilisimama na fundi tangu asubuhi hadi gundi ikauka, maana kikivunjika kile, hadithi inaanza upya. Jumla ya gharama ilipita kikomo cha bima mbali sana.

Na bado nililipenda lile gari. Kona za kuteremka Subukia asubuhi na mapema, barabara tupu, hakuna B4 itakupa kile kitu. Nililiuza kwa sababu ya spea, si kwa sababu ya gari.

JaKondele
Hiyo ni hatia ya lori. Jiwe lingempata hata mwenye Vitz.

Bonde_Letu
Mwenye Vitz angekuwa na kioo kipya kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo tofauti.

MamaWa58
Haya malori ya kokoto yasiyofunikwa yanapitaje kwenye mizani ya Gilgil? Mimi nikiwa na taa moja imekufa nasimamishwa.

Mzee_Njoro
Mizani inapima uzito, mama, turubai si kazi yake. Subirini barabara ya Rironi hadi Mau Summit ipanuliwe, angalau utalikwepa lori.

JaKondele
Na kulipia kila kilomita. Mafuta tunalipia ushuru wa barabara, halafu barabara yenyewe tena tulipie?

Kijana_wa_Turbo
Afadhali kulipa kuliko kukaa nyuma ya trela kutoka Salgaa. Tena hata ikipanuliwa, mwisho ni 110 kwa saa, kwa hivyo hizo farasi 336 utazilisha nyasi tu.

JaKondele
Wewe ambaye gari lako halina turbo nyamaza.

MamaWa58
Tumemwacha mwenye swali.

Dereva_Kiamunyi
Niko, nasoma. Z naona imetoka, si kwa farasi, kwa viti. Nimemwandikia mwenye 86 kuhusu springi. Amesoma, hajajibu. Nilikuwa nafikiria pia GR86 mpya, ya 2021 kwenda mbele, lita 2.4. Hizo bado ziko ndani ya ule mpaka wa miaka minane wa kuagiza magari yaliyotumika.

Mzee_Njoro
Hiyo 2.4 ni bora zaidi kwa mwinuko wetu, nguvu inaanza kupatikana mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Lakini bei ya Japani isikudanganye. KRA, watu wa ushuru, inaanza hesabu kwa bei ya orodha yake, haiangalii ulilipa ngapi kwenye mnada.

FundiShabab
Na muuzaji asiyejibu swali la springi ameshajibu.

Kijana_wa_Turbo
B4 ukiiuza, unataka ngapi? Na ringi za pistoni ziko sawa? Hizo injini za B4, EJ255, nasikia zina tabia.

Dereva_Kiamunyi
Sijasema inauzwa leo.

FundiShabab
Ilete Shabab Jumamosi niipime kompresheni, silinda zote nne. Uje mapema, baadaye panajaa Probox.