Naomba ushauri: kumpeleka mama safari ya meli mto Rhine mwezi wa 12

Habari zenu wakuu. Mama anakuja toka Tanga mwezi wa 12, ana miaka 68, na siku zote anatamani kuiona miji ya kale ya Ujerumani, sasa nimepata meli ya siku 7 ya mto Rhine, inatoka Basel mpaka Cologne, inasimama Speyer, Rüdesheim na Koblenz, mnashuka mnazunguka masoko ya Krismasi. Kinachonisumbua ni magoti yake, ile mitaa ya zamani imetandikwa mawe, ikipiga barafu yanateleza balaa. Halafu jua linazama saa 10 na nusu jioni, je meli ikipita gizani lile bonde la ngome kati ya Bingen na Koblenz si atakosa kitu kizuri kuliko vyote? Na nasikia mto ukifurika au maji yakipungua sana abiria mnahamishiwa kwenye basi, kwa mama hayo ni mateso kabisa.

Mliowahi kwenda, nibaki na Rhine au nihamie mto Danube, upande wa miji ya Regensburg na Passau? Na viatu gani viliwafaa wazee wenu? Nataka afurahi jamani, tangu baba afariki hajatoka popote.